Timazi Chini ya Bampa

Kioo kipya cha mbele kilikuwa kimekaa vizuri. Hakikuvuja, hakikupiga mluzi wa upepo, na hapakuwa na taa ya onyo iliyowaka kwenye dashibodi. Kile cha zamani kilipigwa na jiwe lililorushwa na lori karibu na Mackinnon Road, ufa ukatambaa kutoka pembeni hadi mbele ya macho yangu, na fundi mmoja wa kando ya barabara mjini Mombasa akakibadilisha kwa nusu siku. Nikamlipa, tukaagana kwa heri. Siku ya tatu, nikielekea Mariakani huku nimeshika katikati kabisa ya njia yangu, gari likaanza kulia: ule mlio mfupi wa kuonya kwamba dereva anatoka nje ya mstari. Nikasogea kushoto, likanyamaza. Nikarudi katikati, likalia tena.

Fundi hakuharibu kazi aliyoijua. Tatizo ni kwamba kazi ile ilikuwa na nusu ya pili, na sisi wawili tuliagana kabla haijaanza.

Nyuma ya kioo cha mbele, juu karibu na kioo cha kutazamia nyuma, magari mengi ya Kijapani yanayoteremshwa Kilindini siku hizi yana kamera. Subaru ilianza kuuza mfumo wake wa EyeSight mwaka 2008, ukiwa na kamera mbili zinazotazama pamoja kama macho ya mtu. Toyota ikafuata na kifurushi cha Safety Sense mwaka 2015. Japani yenyewe ikaanza kulazimisha breki ya dharura inayojikanyaga kwa modeli mpya za magari madogo kuanzia Novemba 2021. Kenya, kwa upande wake, hairuhusu kuingizwa gari kuukuu lililozidi miaka 8. Ziweke tarehe hizo pamoja, na hesabu inajipiga yenyewe: kila mwaka, magari yasiyo na jicho yanapungua bandarini.

Jicho hilo husoma mistari ya barabara, hutambua gari lililo mbele, na katika magari mengi hushirikiana na rada kuamua kama breki ikanyagwe. Ili lifanye hivyo, lazima lijue jambo moja ambalo picha peke yake haiwezi kulieleza: mbele ni wapi. Kamera huona nukta kwenye picha, na kompyuta huigeuza nukta hiyo kuwa umbali na upande kwa kuchukulia kwamba kamera imeelekea pale ilipowahi kuambiwa kuwa imeelekea. Hapo ndipo kalibresheni inapoingia, yaani kuifundisha kamera upya mwelekeo wake kila inaposogezwa.

Kosa dogo hukua kiasi gani? Chukua kamera iliyogeuka digrii 1 kwenda kando. Kwa umbali wa mita 50, kosa hilo ni sentimita 87. Kwa mita 100 ni mita 1.75, ambayo ni nusu ya njia yenye upana wa mita 3.5. Gari lililo mbele yako laweza kuonekana liko njia ya pili, na la njia ya pili likaonekana liko mbele yako.

Kosa la juu na chini ni baya zaidi. Tuseme kamera imekaa mita 1.3 kutoka ardhini. Gari lililosimama mita 50 mbele hugusa lami digrii 1.49 tu chini ya upeo wa macho. Kamera ikidanganywa kwa chini ya nusu digrii, mita 50 zaweza kusomwa kuwa 71. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hizo mita 21 za uongo ni karibu sekunde nzima. Ni kweli kwamba mifumo mingi haitegemei pembe hiyo pekee. Huangalia pia kasi ambayo umbo la gari la mbele linakua kwenye picha, na rada huleta ushahidi wake. Lakini shahidi mmoja anapodanganya, kesi nzima inayumba.

Sasa rudi kwenye kioo. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyobandikwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati, na kimeinama. Mwanga unaopita humo hupinda kidogo kabla ya kuifikia lenzi, kwa hiyo kipande kilicho mbele ya kamera ni sehemu ya lenzi yenyewe. Katika magari mengi kishikio cha kamera kimegandishwa kwenye kioo. Kibadilishe kioo, umebadilisha ukuta ambao jicho limetundikwa. Kishikio chenye urefu wa sentimita 10 kikiinuka upande mmoja kwa milimita 1 tu, unene wa kadi ya benki na ziada kidogo, kamera imeinama zaidi ya nusu digrii. Hakuna mkono wa fundi unaoweza kuhisi tofauti hiyo, na hakuna jicho linaloweza kuiona.

Ndiyo maana kutowaka kwa taa hakukuwa ushahidi wa lolote. Kamera iliyochomolewa waya hulalamika. Iliyorudishwa mahali pake ikiwa imepinda kidogo yaweza kukaa kimya, kwa sababu kwa upande wake hakuna kilichoharibika: inaona vizuri, ila inaona kutoka mahali pengine.

Karakana iliyoimaliza kazi yangu nilielekezwa na dereva mwenzangu. Nilitarajia kompyuta nyingi. Nilichokikuta kwanza ni sakafu. Ilikuwa ya saruji, tupu, imesuguliwa, na vijana wawili walikuwa wakiikagua kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao waashi hutumia kusawazisha msingi wa nyumba. Maji ya ncha moja yakilingana na ya ncha nyingine, sakafu iko sawa. Walikuwa na leza pia, lakini mkuu wao alipenda kuanza na maji. “Leza inaweza kuanguka, bwana,” aliniambia. “Maji hayajawahi kuanguka yakasahau usawa.”

Kabla ya kamera walishughulikia gari. Walipima upepo wa matairi yote manne kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango. Walikagua kioo: je, ni cha gari lenye kamera? Modeli ileile yaweza kuwa na vioo vya aina mbili, na kile kisicho na kidirisha safi kwenye utepe mweusi wa juu, au chenye kishikio tofauti, hakisaidii hata kikiingia bila kusukumwa. Changu kilikuwa sahihi. Waliuliza kilibandikwa lini, kwa sababu gundi ya urethani hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, na kioo kinachoendelea kujikalisha hakifai kupimiwa. Hapo Mombasa ina bahati yake: joto na unyevu wa pwani huharakisha kazi ambayo penye baridi kavu ingesubiriwa zaidi.

Kisha wakapima alaimenti ya magurudumu. Nilidhani ni njia ya kuongeza bili, kumbe ni kiini cha hesabu. Gari huenda kule ambako ekseli ya nyuma inasukuma, wala halifuati pua yake. Ekseli hiyo ikiwa imegeuka kidogo, gari litakwenda mbele huku bodi imekaa upande, kama mbwa anayekimbia kwa mshazari, na kamera iliyonyooshwa kufuata bodi itakuwa inatazama kando ya safari. Yangu ilikuwa ndani ya kipimo.

Ndipo timazi ikatoka. Kijana mmoja akaining’iniza katikati ya bampa la mbele hadi ncha yake ikakaribia kugusa saruji, akasubiri itulie, akaweka alama ya chaki. Akaenda nyuma, akafanya vilevile. Wakavuta uzi wenye chaki kutoka alama hadi alama, wakaupitisha chini ya gari na kuurefusha mbele, wakaupiga sakafuni. Mstari mweupe ukabaki: uti wa mgongo wa gari uliochorwa ardhini. Juu ya mstari huo wakasimamisha bamba la shabaha, ubao wenye michoro ya weusi na weupe ambayo kamera ya modeli ile imefundishwa kuitambua. Umbali na kimo chake hutoka kwenye maelekezo ya mtengenezaji, na hutofautiana gari kwa gari. Hakuna kipimo cha kukariri. Ili kuhakikisha ubao haukukaa mshazari, walipima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele la kushoto hadi ncha ya ubao upande huo, kisha wakapima kulia. Namba mbili zikilingana, ubao unalitazama gari uso kwa uso. Mlango wa karakana ukafungwa, maana jua la alasiri lilikuwa linaupiga ubao na kuufanya ung’ae.

Saa nzima ilikuwa imepita na bado hakuna aliyewasha mashine ya kalibresheni. Sasa ikachomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani, modeli ikachaguliwa, na skrini ikaonyesha kilichokuwa kikinisumbua: kamera ilikuwa imegeukia kulia. Kwa sababu hiyo nilipokaa katikati, yenyewe iliniona nimeegemea kulia, na niliposogea kushoto ikaniona nimerudi mahali pangu. Mkuu akabonyeza kuanza. Baada ya dakika chache mashine ikakataa.

Hakuirudia. Alizunguka gari, akachuchumaa nyuma yake, akatazama nafasi kati ya tairi na ukingo wa bodi. “Una nini kwenye buti?” akaniuliza. Nilikuwa na gunia la nazi za shangazi yangu, na pembeni mitungi miwili ya maji iliyojaa. Tukavishusha, gari likainuka nyuma kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Hili ndilo somo lililonigharimu usingizi, kwa hiyo nilifanya hesabu yake nyumbani. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna takribani mita 2.6. Nyuma ikizama kwa sentimita 2, gari zima huinua pua kwa digrii 0.44. Kama mashine ingekubali tukiwa na nazi ndani, kamera ingejifunza kwamba hivyo ndivyo inavyokaa. Kesho yake, nazi zikiwa zimekwisha shushwa, pua ingerudi chini lakini kumbukumbu ingebaki ileile, na gari la mita 50 lingesomwa kuwa la mita 71. Ule mfano wa juu sikuuokota hewani. Ni uzito wa buti langu. Tena kosa hilo lingeelekea upande mbaya, wa kuona hatari iko mbali kuliko ilivyo.

Walipima kimo tena pande zote nne, wakahakikisha ubao haujasogezwa, wakaanza upya. Safari hii mashine ilikubali.

Baadhi ya magari huishia hapo. Mengine hayahitaji ubao kabisa: mashine huunganishwa, kisha gari huendeshwa kwa mwendo ulioelekezwa hadi kamera ijifunze kutokana na mistari ya barabara. Mengine hutaka yote mawili. Langu lilikuwa la ubao, lakini mkuu hakumwachia mteja gari bila kulijaribu, kwa hiyo tulikwenda barabara ya Dongo Kundu, ambako mistari inasomeka. Hiyo nayo ni sharti. Kamera haiwezi kujifunza kutokana na rangi iliyofutika, wala mvua ikinyesha, wala jua likiingia usoni pake. Karakana iliyozungukwa na barabara zisizo na mistari italazimika kusafiri ili kumaliza kazi. Tulikwenda na kurudi, katikati ya njia, na gari halikusema neno.

Huko Japani kazi hii ina sheria yake. Tangu tarehe 1 Aprili 2020, kubadilisha kioo cha mbele cha gari ambalo kamera yake huendesha breki, na kuilinganisha kamera hiyo, vimewekwa kwenye kundi la matengenezo yanayohitaji karakana yenye kibali, ikiwa na nafasi iliyosawazishwa, vifaa na fundi aliyefuzu. Waliokuwa tayari kwenye biashara walipewa hadi Machi 2024 kujipanga. Gari langu lilizaliwa chini ya utaratibu huo. Lilipopakiwa melini, utaratibu ulibaki gatini.

Kinachobaki mikononi mwa mteja ni maswali, na mahali pa kuyauliza ni kabla ya gundi ya zamani kukatwa. Kioo hiki ni cha gari lenye kamera? Nani atailinganisha, na kwenye sakafu gani? Nitapata karatasi ya mashine inayoonyesha hali ya kabla na ya baada? Swali jingine ni la bima: kikomo cha fidia ya kioo kinaihesabu kalibresheni, au kinaishia kwenye kioo na gundi? Mwenye gari anayeuliza hilo baada ya ajali ya jiwe amechelewa kidogo.

Wiki iliyofuata nilipita kwa fundi wangu wa kwanza. Sikwenda kugombana. Nilimwonyesha picha za simu: mpira wa maji, uzi wa chaki, timazi ikining’inia chini ya bampa. Alizikuza kwa vidole viwili, akacheka. “Hii si kazi ya waashi?” Nikamwambia ni yao, wakiongezewa mashine na maelekezo. Akauliza mashine inauzwa wapi. Nilipokuwa bado pale, mteja akaingia na gari lenye ufa, akauliza bei. Fundi hakuitaja. Aliinama kwanza mbele ya kioo, akaziba mwanga kwa kiganja, akachungulia juu kwenye utepe mweusi kama kuna kidirisha.