Kiti Kisicho na Pa Kuficha

Ukiingia sebuleni katika nyumba nyingi kati ya Kericho na Bomet, utagonga goti kabla hujamaliza kuamkiana na wenyeji. Sofa za watu saba zimebana kuta zote, kila mgongo umevikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Katikati pana meza ya kioo, na chini yake stuli ambazo hazitolewi ila siku ya harambee. Kabati la televisheni limemeza nusu ya dirisha. Mgeni hupita kiubavuubavu hadi anapoelekezwa kukaa. Silaumu. Chumba kilichojaa ni ushahidi kwamba bonasi ya majani chai ililipwa, na kwamba mwenye nyumba hakuinywa.

Ila ninayetaka kumsifu ni fundi mwingine, yule anayetengeneza kitu kidogo, chepesi, kisichovikwa nguo, kisha akakiacha hivyo.

Kazi yake si ngeni huku. Kabla ya sofa, Mkipsigis alikuwa na ng'echeret, kigoda cha duara kilichochongwa kutoka gogo moja. Kikalio kimebonyezwa kidogo kufuata umbo la mwili, na miguu imetokea kwenye gogo lilelile, kwa hiyo hakina msumari, hakina gundi, hakina kiungo cha kulegea. Mzee alikibeba mkononi akienda kokwet, baraza la mtaa, kusikiliza kesi za majirani, akarudi nacho jioni. Ndani ya nyumba hapakuwa na mengi zaidi: ngozi ya kulalia, vibuyu vya maziwa ya mursik, na moto. Sakafu ilibaki kuwa ya watu na ndama.

Miguu mitatu ina hekima ambayo minne haina. Kwenye sakafu ya udongo au nyasi zenye mashimo, kigoda cha miguu mitatu hakichezi hata siku moja, kwa sababu ncha tatu hupata mahali pa kutua popote pale. Mguu wa nne ndio unaotafutiwa kipande cha karatasi. (Bei yake ipo: ukiegemea upande usio na mguu, utajikuta chini, na watoto watacheka.) Huko Finland, msanifu Alvar Aalto aliliona jambo hilohilo mwaka 1933 alipobuni stuli yake maarufu ya miguu mitatu. Alitumia mti wa kawaida kabisa kwao, akaupasua mguu kwenye ncha, akapenyeza vipande vyembamba vyenye gundi ndani ya ile mipasuo, kisha akaukunja ukashika chini ya kikalio. Stuli hiyo ingali inauzwa hadi leo, na bei yake ingemnunulia mkulima wa Sotik mbuzi kadhaa. Ikifika Nairobi inaitwa usasa.

Nimesema nataka kumsifu fundi, basi nieleze ninachokisifu. Sofa ina pa kuficha. Chini ya sponji na kitambaa unaweza kukuta mbao za maboksi, mbao mbichi, misumari iliyopinda ikapigwa hivyohivyo, na hakuna atakayejua mpaka mwaka wa pili, siku mjomba mnene atakapokaa. Kigoda kitupu hakimpi fundi nafasi hiyo. Kiungo kikiwa kimeachia unywele mmoja, kinaonekana. Randa ikiwa imeruka, mkono wa mnunuzi utaona hata kama jicho limepita. Mtu akichagua kutengeneza vitu vya namna hii, amekubali kukaguliwa kila siku na kila anayekaa.

Kando ya barabara huko Litein nilisimama kumtazama mmoja akitia miguu. Alikuwa amekata kipande cha boksi kikawa ndicho kipimo chake cha mwinamo, maana yafaa miguu itanuke kuelekea nje ili kigoda kitulie. Ikisimama wima, kigoda huwa rahisi zaidi kuanguka na mtu. Alitoboa tundu akifuata ule mwinamo, akachonga ncha ya mguu kwa kisu, akajaribu, akachomoa, akakwangua palipong'aa kwa kusuguana, akajaribu tena. Ulipoingia na kutokea upande wa juu, aliipasua ile ncha kwa msumeno na kupigilia kabari ndogo. Hapo ndipo nilipojua nimefika kwa fundi hasa: kabari aliigeuza ikakatiza nyuzi za mbao ya kikalio. Ingefuata nyuzi, ingekipasua kikalio vipande viwili kama kuni. Kisha akakata kilichozidi, akapiga msasa, na kilichobaki kikawa duara dogo lenye mstari katikati. Hayo ndiyo mapambo yote.

Mbao zenyewe ni vita. Huku mvua hupenda kuja alasiri, na saiprasi iliyopasuliwa juzi ingali na maji tele. Ukiiunga leo, baada ya miezi itasinyaa na viungo vitapiga miayo. Fundi wa sofa hafi moyo, sponji itamsitiri. Huyu wa vigoda hana budi kupanga mbao kwa vijiti vya kupitisha hewa, chini ya paa, na kungoja, huku hela yake imelala pale. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, bei ya mbao ilipanda, na hata baada ya Rais Ruto kutangaza kuliondoa katazo hilo Julai 2023, wengi walikuwa wameshazoea kugeukia miti ya shambani: mkalitusi, ambao viwanda vya chai huuchoma kukaushia majani, na grevilea inayopandwa mipakani mwa mashamba. Grevilea ikipasuliwa vizuri hutoa madoa yanayometameta. Ni aibu kuufunika mti huo kwa rangi. Mbao za unga zilizogandishwa nazo zimejaa madukani, laini na za bei nafuu, na kwa unyevu wa Kericho huvimba pembeni mapema.

Anayedhani saiprasi tupu ni ya maskini aende mjini Kericho, katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu lililotabarukiwa Mei 2015. Wasanifu wake, John McAslan na wenzake wa London, walisimamisha fremu kumi za zege zinazozidi kukua kuelekea altare, na kati yake wakapanga fito nyembamba za saiprasi, safu juu ya safu. Ni mti uleule wa kitanda cha bei ya chini pale Kapkatet. Waumini zaidi ya elfu moja hukaa chini yake, na sijasikia aliyeuliza kitambaa kiko wapi.

Kwenye laini za wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai, yaliyoanza kupandwa miaka ya 1920, watu wamejua thamani ya vitu vidogo na vyepesi kwa sababu nyingine. Nyumba ni ya kampuni, chumba ni kidogo, na kazi ikiisha unahama. Kinachobebeka kichwani ndicho samani.

Yule fundi wa Litein alijiwa na mteja nikiwa bado pale. "Fundi, mbona kigoda hiki bei yake inakaribia ya stuli yenye sponji?"

Hakubishana. Aliivuta sofa ya zamani iliyoletwa kutengenezwa, akaipindua. "Mama, hebu hesabu misumari kwenye hiyo pembe moja." Mama aliinama, akatazama, akakishika kigoda na kukigeuza miguu juu, akapitisha kidole pale penye kabari. Akaagiza viwili. Ila alitaka vipakwe vanishi nyekundu, ile ya mahogani, na fundi, ambaye ana karo ya kulipa, akaandika kwenye daftari: nyekundu.