Mashine Iliyofuata Kayamba

Nimeisikiliza mara nne tangu jana usiku na bado mwili haujatulia. Niacheni niseme upesi kabla sijapoa: hapa Kilifi nilipewa vipande saba vya ala tupu, dakika 38 kwa jumla, ndani ya fleshi ndogo ya buluu, na ndiyo rimiksi ya kwanza ya ngoma za kwetu iliyonifanya niinuke kitini nikazime feni ili nisikose hata mbegu moja ya kayamba.

Mwenyewe ni kijana wa mtaani kwetu, upande wa Mnarani. Mjomba wake alimwachia sanduku la kanda za kaseti: harusi, matanga, mashindano ya ngoma, zote zilizorekodiwa kwa redio iliyowekwa juu ya kiti. Humo mna sauti za watoto, mna jogoo, mna mtu anayeitisha maji. Kijana amezipitisha kwenye kompyuta, akatafuta zile sehemu ambazo waimbaji wamenyamaza na ala zimeachiwa uwanja: kayamba, chivoti, ngoma, na katika vipande viwili saksafoni ya bango. Kisha akaziwekea besi na ngoma za mashine. Ameniomba nisimtaje jina mpaka wapigaji wa zile ala, au watoto wao, wakubali majina yao yaandikwe juu ya lake. Nimekubali, na heshima yangu kwake imeongezeka.

Sasa kipande cha kwanza. Jamani!

Kinaanza kwa kayamba moja peke yake. Kwa asiyewahi kuishika: ni matete yaliyoshonwa pamoja yakawa bapa, ndani mbegu kavu, na mpigaji huikamata kwa mikono miwili. Anapoiinamisha, mbegu hazianguki kwa pamoja. Zinamwagika, za mbele zikitangulia na za nyuma zikifuata, huku kidole gumba kikigonga matete katikati ya mmwagiko huo. Ndiyo maana mlio wa kayamba una mwanzo na una mkia. Na utamu wote umo mkiani.

Hapo ndipo rimiksi nyingi zinapoharibika. Programu za kutengenezea muziki zina mistari iliyopangwa sawasawa kama madirisha ya ghorofa, na kuna amri inayovuta kila mlio hadi kwenye mstari ulio karibu nao. Ukiibonyeza, kayamba inanyooka. Na kayamba iliyonyooka ni mchele ndani ya mkebe. Nimesikia rimiksi za namna hiyo miaka mingi, kwenye matatu za Malindi na kwenye harusi, na kila mara nimeona jambo lile lile: vijana wanarukaruka, wazee wanapiga makofi ya adabu, na mabega hayatikisiki. Ngoma ya Mgiriama iko mabegani. Mabega yakilala, hapana ngoma.

Kijana huyu amekwenda kinyume. Kayamba ameiacha pale ilipoanguka siku ile kwenye kanda, na ngoma za mashine ndizo alizozihamisha kwa mkono, pigo kwa pigo, mpaka zikakaa juu ya kayamba. Kipande hicho kimoja kilimla wiki tatu. Matokeo yake utayasikia kiunoni kabla ya kuyaelewa. Hesabu moja hadi kumi na mbili, uendelee bila kukoma. Mkono wa kulia ugonge meza kila baada ya tatu, utapata mapigo manne. Wa kushoto ugonge kila baada ya nne, utapata matatu. Wa kulia ndio besi, wa kushoto ndio ngoma ya kanda, na kayamba inapita katikati ikizihesabu zote kumi na mbili. Inapofika dakika ya pili besi inanyamaza ghafla, na unagundua kwamba umekuwa ukiyumba kwa kayamba muda wote.

Kipande cha pili ni cha chivoti, filimbi yetu ya ubavu. Hapa hakuna ngoma ya mashine kabisa. Amechukua pumzi za mpigaji, ule upepo unaosikika kabla ya sauti yenyewe kutoka, akazirudiarudia mpaka zikawa kama maji ya mkono wa bahari yanayogonga mashua pale chini ya daraja. Juu ya upepo huo chivoti inapiga mara tatu tu. Mara tatu! Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, na nilipokumbuka kukinywa chai ilikuwa imepoa.

Cha tatu na cha nne ni bango, na hapa mpenzi mwenzangu wa bango akae vizuri. Tunamjua aliyelipa bango jina na uhai: Mzee Joseph Ngala wa Freretown, kule Kisauni, na saksafoni yake. Bango lilizaliwa likiwa mchanganyiko wa jazi, taarabu na midundo ya Kimijikenda, kwa hiyo hakuna atakayesema halijawahi kuguswa na mkono wa mgeni. Lakini bango lina mwendo wake wa mtu aliyevaa vizuri asiye na haraka, na hofu yangu ilikuwa kwamba mashine itamkimbiza mtu huyo. Haikumkimbiza. Saksafoni ya kanda, ya mpigaji wa harusini tusiyemjua bado, imeachwa na mikwaruzo yake yote, na besi inatembea nyuma yake hatua mbili kama mpambe wa bwana harusi.

Cha tano hakikunifurahisha, na lazima niseme. Huko ndiko alikochoka, au ndiko alikoanzia kabla hajajua. Kayamba imenyooshwa, besi imejaa kila mahali, na mapigo yangeweza kuwa ya mji wowote duniani. Aliniambia ndicho cha kwanza kukitengeneza. Kikitolewa, nyumba haianguki.

Cha sita ni ngoma tupu, dakika nane, na ni moto. Sitakieleza. Kipige usiku, sauti juu, mlango wazi.

Leo Jumapili alasiri tuliweka spika mbili chini ya mwembe uani, tukawaita majirani. Walifika watu kama ishirini, pamoja na mzee mmoja aliyepiga kayamba ujanani huko Ganze. Nilitaka kuona kama raha yangu ni yangu peke yangu. Maneno yalikuwa mengi, na hayakufanana.

Vijana wa bodaboda walipenda cha sita na cha kwanza, lakini mmoja wao alilalamika, “Mbona hailipuki? Inajenga, inajenga, halafu inanyamaza.” Amezoea zile nyimbo za dansi ambazo baada ya kimya huja kishindo. Ni sikio halali. Kila mwisho wa mwaka Kilifi inajaa wageni wanaokuja kucheza muziki wa mashine chini ya mibuyu hadi jua lichomoze, na vijana wetu wamekulia karibu na spika hizo.

Mwalimu mstaafu, mpenzi wa taarabu, alikuwa na lake: “Maneno yako wapi?” Na hili ni zito kuliko linavyosikika. Mtu wa pwani husikiliza kwa neno. Tunakwenda kwenye taarabu kungoja ubeti utakaomchoma fulani, na hata mwanzele, ngoma ya Kimijikenda, tunaupima kwa alichosema mwimbaji. Taarabu ina bashrafu, kipande cha ala tupu kilichotoka Uturuki kikapitia Misri mpaka kikafika kwa vikundi vya Unguja kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Lakini bashrafu huwa ya kufungulia mlango. Kumwambia mtu wa hapa akae dakika 38 bila neno ni kumwambia ale wali bila mchuzi. Nilimjibu mwalimu kwamba chivoti nayo inasema. Akatikisa kichwa. Kipande cha pili kiliporudiwa, aliinama mbele, lakini hakubadilisha kauli yake.

Mama mmoja akatukumbusha kwamba ugomvi huu si wa leo. Chakacha ilikuwa ngoma ya wanawake harusini. Miaka ya 1980 Mombasa Roots wakaitia gita na ngoma za disko wakaiita “Disco Chakacha”, na kuna nyumba ambazo kina bibi walisema mambo ya ndani yametolewa barabarani. Leo wajukuu zao wanauita wimbo huo wa zamani na wanaulinda. “Jambo Bwana” ya Them Mushrooms, kundi la ndugu lililoanzia Mombasa, ilichukuliwa na Boney M mwaka 1983 ikaimbwa upya Ulaya, na mpaka leo wapo wanaojivunia na wapo wanaokasirika. Naye Fundi Konde, mwana wa Giriama aliyezaliwa mwaka 1924, alikuwa miongoni mwa wa kwanza Kenya kurekodi kwa gita la umeme. Sidhani wote walimpigia makofi siku ya kwanza.

Niliyemngoja ni mzee wa kayamba. Alisikiliza kipande cha kwanza macho yamefungwa. Kilipokwisha alisema, “Hii mashine imefunzwa kungoja.” Akaomba kirudiwe. Mara ya pili bega lake la kushoto likaanza, dogo tu, kama mtu anayefukuza nzi. Kisha la kulia. Nililiona kwa macho yangu na ndiyo sababu ninaandika haya!

Kisha kikaja kipande cha saba.

Nikiri kwamba nilipokuwa peke yangu, cha saba ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Nilikuwa nimekwisha kupanga jinsi ya kukisifu. Lakini hakijapita dakika moja, hawe, yaani bibi, wa jirani, ambaye alikuwa amekaa kimya kwenye mkeka tangu mwanzo, akainua mkono. “Zima, mwanangu.” Kijana akazima papo hapo. “Hiyo ni kifudu. Umeitoa wapi?”

Kaseti ilitoka matangani. Kifudu ni ngoma ya mauti na ya wazazi waliotangulia, ina wenyewe, ina siku zake, na haipigwi kwa kujifurahisha. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alikwenda kijiji kwa kijiji akiicheza kifudu, watu wakakusanyika kwa sababu walijua hiyo haichezwi bure, na ndipo akawaambia wakatae amri za Waingereza. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ililipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, kwa baruti. Misitu ya kaya ikaja kuingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2008, na mila zake zikaorodheshwa mwaka 2009 kuwa zinahitaji kulindwa kwa haraka. Haya yote tunayasoma na kuyasifu. Leo yalikuwa yamekaa mbele yetu kwenye mkeka, yameinua mkono.

Kijana mmoja wa bodaboda alitetea: siku hizi matangani kwenyewe kunapigwa disko usiku kucha, tena serikali inapiga marufuku na watu wanaendelea, sasa kosa la kipande kimoja kwenye fleshi ni nini? Hawe akamjibu bila hasira kwamba disko la matanga ni la walio hai, kelele zao, na aibu yake ni yao. Kifudu ni ya wafu. “Hawa hujawauliza.”

Nikakumbuka habari ya “Chemirocha”, wimbo wa wasichana wa Kikipsigis aliourekodi mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1950. Ulizunguka dunia miongo kadhaa kabla rekodi hizo hazijarudishwa kwa wenyewe Bonde la Ufa. Zilirudi, na wazee wakazipokea, lakini tazama muda uliopita. Huyu kijana wa Mnarani ana bahati ambayo wakusanyaji wengi hawakuwa nayo: wenyewe wanaishi nyumba ya tatu.

Alikaa mkekani na hawe kwa karibu nusu saa, wakinong'ona Kigiriama. Aliporudi alichomeka fleshi kwenye kompyuta, akakifuta kipande cha saba mbele yetu sote, kisha akakifuta na cha kompyutani. Kazi ya miezi miwili. Niliumia, kwa kuwa nilikuwa nimekisikia na ninajua kilivyokuwa kizuri. Lakini nilielewa pia kwamba ni sikio lile lile. Aliyekubali kusogeza kila pigo la mashine ili limfuate mpiga kayamba asingeweza kumwambia hawe asogee.

Hukumu yangu basi, ya siku ya kwanza, na sioni kama itabadilika. Mpenzi wa bango: anzia cha tatu. Mpenzi wa dansi: anzia cha sita, kisha uwe na subira na cha kwanza. Mpenzi wa neno: jaribu chivoti, usiku, peke yako. Usisikilize kwenye simu. Mkia wa kayamba hauingii kwenye spika ya simu. Tafuta spika yenye kifua au vipokea sauti vya kuziba masikio.

Na ukiletewa fleshi yenye vipande saba, hiyo ni nakala iliyotoroka kabla ya Jumapili. Irudishe. Kazi yenyewe ina sita, na mzee wa Ganze ameahidi kuja wiki ijayo na kayamba yake, kukirekebisha cha tano.