Ziwa la Chaki

Katika darasa moja la shule ya msingi hapa Kamunyonge, Musoma, nimemwona mwalimu akichora Ziwa Victoria bila kutazama kitabu. Alianzia Musoma, akateremka na ufuo wa Bunda, akakata kona ya Ghuba ya Speke, akapita Mwanza, akazunguka magharibi hadi Bukoba, akapanda Entebbe na Jinja unakotokea Mto Nile, akarudi kwa njia ya Kisumu na Shirati, na mstari ukaja kuukuta mwanzo wake palepale Musoma. Hakuinua mkono. Kisha akailaza chaki ya buluu ubavu, akaipitisha kwa wepesi ndani ya mstari na kusugua kwa kiganja, maji yakajaa. Ukerewe na Ukara hakuzigusa. Alikwepesha chaki tu, na weusi wa ubao ukawa visiwa. Darasa lililobanana watatu watatu kwenye dawati lilinyamaza kimya.

Kengele ilipolia, kiranja akashika dasta. Kipindi kilichofuata kilikuwa cha hesabu.

Sisi tuliosomeshwa kwa chaki tunadaiwa na walimu wale shukrani ambayo hatukuwahi kuitoa. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa akilowesha chaki za rangi ili zikolee na zisimwage unga. Duara alilichora kwa uzi: ncha moja ameikandamiza kwa kidole gumba, nyingine ameifunga chaki. Alifika kabla hatujapanga mstari, na sisi tulipoingia tulikuta ua limepasuliwa katikati, chavua na ovari vyote mahali pake, au moyo wa binadamu, nyekundu upande huu, buluu upande ule. Ubao wenyewe tuliupaka sisi, kwa mkaa uliotwangwa na unga mweusi wa betri zilizokwisha. Mpaka leo nikifunga macho naiona valvu ya moyo ule. Picha za vitabuni nilizokutana nazo baadaye zimenitoka zote.

Ufundi huo ulikuzwa na uhaba. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Madarasa yakafurika, vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakiwa kazini, vitabu havikutosha. Mchoro wa ubaoni ukawa kitabu cha darasa zima. Na huu ni mji ambamo Nyerere, kabla hajaitwa Mwalimu, aliketi mbele ya ubao kwa mara ya kwanza, katika shule ya Mwisenge, mwaka 1934.

Huko Italia, katika kijiji cha Grazie, tangu 1973 wachoraji hukusanyika kila Agosti 15 na kupiga magoti kwenye uwanja wa kanisa wakichora kwa chaki. Watu husafiri kwenda kutazama kazi ambayo mvua moja inaifuta. Wenzetu wameuheshimu ufundi huo kwa sababu haudumu. Sisi tulikuwa nao kila asubuhi, na kwa kuwa haukudumu tukadhani si kitu.

Siku hizi mara nyingi mwalimu hubandika bango lililochapishwa, lenye rangi zilizopauka na maandishi yasiyosomeka kutoka dawati la nyuma, akalielekezea fimbo. Mtoto anaona kitu kilichokwisha kutengenezwa. Haoni tena mkono ukisitasita, ukirekebisha, ukifika. Halafu tunashangaa kwamba hathubutu kuchora hata nyumba yao.

Musoma ina lami, ina ziwa, ina walimu wastaafu ambao mikono yao bado inakumbuka. Ingetosha kuwapa siku moja ya kiangazi na kipande cha barabara, watoto wakae pembeni watazame. Chaki si mali ya kushinda uwezo wetu; vijana wa Maswa, mkoa jirani wa Simiyu, waliwahi kuzitengeneza wenyewe. Nawe mzazi, usisubiri halmashauri. Nunua boksi moja la chaki za rangi, umpelekee mwalimu anayejua kuchora, kabla hajastaafu.