Usiutazame Mruko

Kila msimu wa triathloni husambaa video ileile, inabadilika sura tu. Mwanariadha anatoka mbio kwenye T1, mabadiliko ya kutoka kuogelea kwenda baiskeli, baiskeli mkononi, anavuka mstari wa kupandia na kujirusha miguu peku kama anayeruka mtaro, anatua juu ya siti, watazamaji wanapagawa. Video inakatwa hapohapo. Hakuna anayeuliza kilichotokea sekunde kumi zilizofuata, nazo ndizo mtihani wenyewe. Ukibahatika kuona kipande kilichobaki, mara nyingi utamkuta shujaa huyo anayumba katikati ya barabara, kichwa kimeinamia cheni, kiatu kimoja kimepinduka chini ya pedeli kinaburuza lami, na kundi linatokomea mbele yake. Kumsifu mtu wa namna hiyo ni kumsifu mpishi kwa anavyorusha chapati hewani, bila kuionja.

Tuanze na thamani ya sekunde, maana wapo wasemao kwamba mbio za kilomita 51.5 haziamuliwi na viatu. Mjini Sydney mwaka 2000, triathloni ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Brigitte McMahon wa Uswisi alimshinda Michellie Jones wa Australia kwa sekunde 2 hivi, baada ya saa 2 za kazi. London 2012, Nicola Spirig na Lisa Nordén waliandikiwa muda mmoja, 1:59:48, na dhahabu ikaamuliwa kwa picha ya mstari wa mwisho. Lakini hiyo ndiyo hesabu ndogo. Tangu mwaka 1995, wanariadha wa daraja la juu waliporuhusiwa kuendesha wakiwa wamejibanza mgongoni mwa wenzao, hasara kubwa hutokea kilomita ya kwanza ya baiskeli. Kundi linalokwenda kilomita 40 kwa saa humeza mita 11 kila sekunde. Anayepoteza sekunde 3 akipapasa kiatu ameachwa mita 33, na mita hizo atazifukuza peke yake usoni mwa upepo huku wenzake wakipokezana zamu. Asipozifuta mapema, sekunde 3 zinazaa dakika nzima.

Sasa raba bendi. Viatu hutangulia kwenye pedeli kabla ya mbio, kliti, vibano vya chini ya kiatu, zimeshabana, na vitanzi vya kisigino hufungwa kwa raba bendi ili viatu vilale sambamba na ardhi: cha nyuma kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, cha mbele kwenye fremu, karibu na kishikio cha chupa. Mpaka hapo kila mwanagenzi amefika. Asichokijua ni kwamba raba bendi ina adui mmoja, naye ni kurudi nyuma. Sukuma baiskeli mbele, friwili inazunguka bure na pedeli zinatulia tuli. Ivute nyuma hata nusu mita, cheni inashika, pedeli zinazunguka kinyume, bendi zinakatika. Mtu amefunga bendi zake kwa makini, kisha anairudisha baiskeli kinyumenyume ili siti ikae kwenye bomba la kutundikia. Tap, tap. Kazi imeharibika na hata hakusikia, kwa kelele za vipaza sauti. Atakuja kugundua akitoka majini, visigino vya viatu vinaning'inia na kugonga lami kila hatua. Mjuzi hutundika kwanza, ndipo afunge. Na kama baiskeli imetundikwa kwa namna ya kumlazimu kuivuta nyuma wakati wa kutoka, mkono mmoja hushika siti na kuliinua tairi la nyuma, vidole viwili tu kutoka ardhini, kwa kuwa tairi lisilogusa chini halizungushi pedeli. Hakuna kamera inayofuata kitendo hicho, wala hakipigiwi makofi. Hata hivyo, ukitaka kumpima mtu kabla hajapanda, mtazame anavyoitoa baiskeli yake kwenye bomba.

Bendi yenyewe iwe nyembamba, ile ya kufungia noti. Nene huvuta kiatu na kukipinda pale mguu unapotaka kuingia; nyembamba hukatika pedeli ikikanyagwa mara ya kwanza, na mwendeshaji hana habari nayo tena. Wapo wanaoichanja kwa wembe ili ipate mahali pa kukatikia. Huo ni woga.

Baada ya kupanda, mguu hauingii kiatuni. Unakanyaga juu ya kiatu, na unaendelea kukanyaga hivyo mpaka mwendo upatikane na nafasi kwenye kundi ishikwe. Hapa ndipo jicho la mjuzi linapohamia tairi la mbele. Mkono mmoja unabaki kwenye usukani, karibu na shingo yake, mwingine unashuka wakati pedeli iko juu, unashika kitanzi, vidole vya mguu vinatangulia, kisigino kinafuata, mkanda unafungwa, na muda wote huo tairi la mbele halijatoka kwenye mstari wake. Macho yako barabarani. Kisha anakanyaga mizunguko kadhaa kabla ya kushughulikia mguu wa pili. Anayevaa viatu vyote viwili kwa mfululizo hana mwendo tena, na anayevaa akiwa kwenye mlima hajaisoma ramani ya njia. Mguu wa kushoto ndio huvaliwa kwanza. Wanaoanza na wa kulia wapo, na wengine hushinda, lakini haipendezi. Kiatu kiwe cha triathloni hasa, mkanda wake ufunguke kwa nje, mbali na cheni. Anayekuja na kiatu chenye kifundo cha kuzungusha waya amekuja na vifaa vya kazi nyingine.

Watauliza: je, si salama zaidi kuketi, kuvaa viatu na kukimbia navyo hadi mstarini? Kwa mbio ndefu, zenye kilomita 180 za baiskeli, nakubali bila ubishi. Soksi zilizokaa vizuri zina faida kuliko sekunde 10, na hema la kubadilishia lipo kwa kazi hiyo. Kwa anayeanza nakubali pia. Wala mruko si lazima hata kwa mashindano mafupi: kudandia kwa mguu wa kushoto juu ya pedeli na kupitisha wa kulia kwa nyuma, kama alivyofanya kila aliyekulia kwenye baiskeli ya Phoenix ya baba yake, hakupotezi chochote. Kinachokera ni kuruka vibaya na kusifiwa. Na ipo aina ya ulaghai inayolishwa na sifa hizo: mtu anajirekodi uwanjani, miguu mikavu iliyopakwa poda, hajaogelea hata mita moja, akirudia mara ishirini mpaka moja ifae. Miguu iliyotoka majini ikiwa na mchanga haidanganyiki hivyo.

Haraka ya kupanda ina gharama hata kwa mabingwa. Jonathan Brownlee, London 2012, alipanda kabla ya mstari na akapewa adhabu ya sekunde 15, akaitumikia kwenye mbio za miguu, akamaliza wa tatu nyuma ya kaka yake Alistair na Javier Gómez. Miaka 9 baadaye alikuwa kwenye timu ya Uingereza iliyotwaa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya mbio za mchanganyiko za kupokezana mjini Tokyo. Humo kila mtu aliogelea mita 300, akaendesha kilomita 6.8 na kukimbia 2. Watu wanne, mabadiliko manane, na hakuna umbali wa kufichia kosa.

T2, mabadiliko ya kutoka baiskeli kwenda mbio za miguu, inadai uvumilivu uleule kwa kinyume. Miguu hutoka mapema, inakanyaga juu ya viatu, wa kulia unapita nyuma ya siti, na mtu anashuka akiwa tayari anakimbia. Hawaii mwaka 1978, kwenye Ironman ya kwanza, walipoanza watu 15 na Gordon Haller akashinda kwa saa 11 na dakika 46, hakukuwa na haja ya haya yote. Pedeli za kubana zilikuwa bado hazijaenea. Ni mwaka 1985 ndipo Mfaransa Bernard Hinault aliposhinda nazo Tour de France. Mtu aliweza kuketi akafunga kamba zake kwa adabu, na hakuna aliyejirusha ili aonekane. Leo, ukitaka ushahidi usio na makofi, ngoja wanariadha wapite, kisha pita kwenye mabomba uzitazame baiskeli. Utaikuta moja yenye viatu vyote viwili bado kwenye pedeli, mikanda wazi, visigino havina mchubuko wa lami. Mwenyewe hayupo; ameshafika kwenye meza ya kwanza ya maji.