KIPAKIZI, KIWASHIO AU KITANGULIZI?

Katika uwanja wa kompyuta, istilahi zinazowafikia watu wengi, kama vile faili, kipanya na nywila, zimekwisha kutulia. Zile za ndani zaidi bado zinayumba. Mojawapo ni jina la ile programu fupi ambayo, kila kompyuta inapowashwa, hukitafuta kiini cha mfumo endeshi kwenye diski, hukitia katika kumbukumbu, kisha hukikabidhi kazi na kujiondokea. Mfasiri anayelitafuta jina hilo hukuta mbele yake kipakizi, kiwashio na kianzishi. Tunakusudia kuyapima majina hayo kwa kazi yanayomfanyia msomaji, wala si kwa uzuri wa sauti.

Msomaji huyo na awe mwalimu wa Olmotonyi, penye Chuo cha Misitu kilichoanzishwa mwaka 1937 kwenye miteremko ya Mlima Meru. Tuseme anazo kompyuta kuukuu zilizokuwa zikitumia Windows 10, mfumo ambao msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Hataki zitupwe. Amesikia habari za Linux nyepesi, kama antiX na Puppy, ambazo hupatikana bila malipo. Kinachomkwamisha ni ukurasa mmoja tu wa mwongozo, unaomtaka achague programu tunayoizungumzia na aseme iwekwe wapi.

Akikuta humo neno kipakizi, atapotoka. Kupakia, kwa mtumiaji wa leo, ni kupeleka faili kwenye intaneti, kinyume cha kupakua. Hivyo atadhani anaulizwa juu ya mtandao, naye huenda hana mtandao. Kiwashio nacho kitampeleka kwenye kitufe cha umeme. Kianzishi hakimdanganyi, ila hakimwambii kitu, kwa kuwa ndani ya Linux mna programu nyingine ambayo kazi yake hasa ni kuanzisha huduma za mfumo. Wapo watakaopendelea kiamshi. Lakini kompyuta iliyolala huamshwa kwa kugusa kibonyezo, na hilo ni jambo jingine kabisa. Kuhusu buti, linalotokana na msemo wa Kiingereza wa mtu kujiinua kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe, hatuoni haja ya kuvivaa viatu hivyo.

Sisi tunaelekea kwenye kitangulizi. Wanafunzi wa misitu wanaijua dhana yake: ardhi iliyoungua hutanguliwa na mimea fulani, na mingine hufuata baada ya hapo. Mtu aweza kutupinga kwamba BIOS, programu iliyomo katika bodi mama, hutangulia zaidi. Ni kweli. Ndiyo maana jina kamili liwe kitangulizi cha mfumo, kwa kuwa BIOS ni mali ya mashine, na kitangulizi huja pamoja na mfumo.

Faida ya jina hili huonekana pale linapopewa sifa. LILO ni kitangulizi kikumbukaji: hukariri mahali kiini kilipo kwenye diski, kwa hiyo kiini kikibadilishwa sharti iendeshwe upya, la sivyo kompyuta haitaondoka. Uendelezaji wake ulisimama mwishoni mwa mwaka 2015. GRUB ni kitangulizi kisomaji: huyasoma mafaili yenyewe, na ndiyo inayomfaa mwalimu wetu kwa kompyuta nyingi. Syslinux ni ndogo, nayo imezoeleka zaidi kwenye flashi. Lakini diski za zamani zina hila yake. Sehemu ya kwanza ya diski hizo mara nyingi huanza kwenye sekta ya 63, na nafasi inayobaki mbele yake, sekta 62 za baiti 512, yaweza kuibana GRUB ya sasa. Hapo itambidi aigawe diski upya, baada ya kuhifadhi kazi za wanafunzi mahali pengine.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika neno tunalodhani kuwa halina tatizo, yaani diski. Katika kompyuta ya BIOS, hatua ya kwanza ya kitangulizi hukaa katika sekta ya mwanzo ya diski nzima, ambamo baiti 446 tu ndizo za maagizo. Mwongozo usemao “weka kwenye diski” haumwambii mwalimu kama ni diski nzima au sehemu yake, wala kama ni diski ya kompyuta au flashi aliyoichomeka. Akiichagua flashi, kompyuta itawaka vizuri mbele yake. Siku flashi ikichomolewa, itagoma, naye atahukumu kwamba mashine imekufa. Mfasiri aandike diski ya ndani, diski nzima, au sehemu ya diski, hata kama mwandishi wa asili aliona neno moja latosha.