Pongezi kwa wachoraji wa Hangar

Sisi wa mtaa wa Golf, Lubumbashi, tukimaliza kujenga nyumba, hukimbilia kutundika sebuleni nakala ya maua ya Monet. Si vibaya. Wachoraji Monet, Renoir, Pissarro na Berthe Morisot walistahili sifa: mwaka 1874 waliandaa maonyesho yao wenyewe Paris, wakaonyesha mwanga jinsi jicho linavyouona, na wakosoaji wakawacheka.

Lakini mji huu nao una mabingwa wake. Mwaka 1946, ulipokuwa ungali ukiitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji ya Hangar. Hakuwapa vijana waliochora humo picha za Ulaya wazinakili. Aliwaachia macho na kumbukumbu zao. Pilipili Mulongoy akajaza turubai samaki, ndege na nyoka, kila unyoya na kila gamba likiwa na nukta zake. Bela, mzaliwa wa Chad, aliiacha brashi akapaka rangi kwa vidole. Mwenze Kibwanga alisuka wanyama na watu kwa mistari mifupi iliyobanana, na kwangu mimi huyu ndiye mkubwa wao: kwa rangi chache za udongo, picha nzima inatetemeka kama joto la Oktoba juu ya lami.

Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na wachoraji wake wakaendelea katika chuo cha sanaa alichokianzisha Laurent Moonens. Heko kwao wote. Nanyi majirani, kabla ya kununua Monet mwingine wa karatasi, ulizieni kwanza picha za Mwenze.