Jinsi Setilaiti ya Ngomeni Ilivyosaka Mabaki ya Nyota

Mkazi wa Rangwe, aliye kiasi cha nusu digrii tu kusini mwa ikweta, aghalabu hana habari ya kwamba tangu Desemba 1970 hadi Machi 1973 chombo cha kwanza cha kuizunguka dunia kuundwa mahsusi kwa falaki ya eksirei kilikuwa kazini kikipita juu ya Nyanza au karibu yake, takriban mara 14 kila siku. Kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, mali ya Waitalia, lililosimama kwa miguu ya chuma baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya kujitawala, kikaitwa Uhuru.

Nyota kubwa inapolipuka, gesi yake hutawanyika kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde, ikaigonga gesi iliyotangulia angani na kupata joto la mamilioni ya digrii, hata ikang'aa kwa eksirei. Lakini eksirei hizo humezwa zote na hewa yetu kabla hazijafika ardhini. Kabla ya Uhuru, wataalamu walitegemea zaidi roketi zilizokaa juu ya hewa dakika chache tu. Kwa roketi ya namna hiyo, mwaka 1964, mwanafizikia Herbert Friedman na wenzake waliiotea Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota ambayo Wachina waliushuhudia mlipuko wake mwaka 1054, wakati mwezi ukiifunika. Eksirei zikapungua polepole badala ya kukatika ghafla, ikabainika kwamba zatoka mahali penye upana, si katika nukta moja. Ulikuwa ustadi wa ajabu, ila mwezi hauwezi kufunika kila kitu.

Riccardo Giacconi na wenzake, waliobuni Uhuru, walifuata njia nyingine. Uhuru haikuwa na kioo cha kukusanyia miale. Ilikuwa na vihesabio viwili vya gesi vilivyopeana migongo, kila kimoja nyuma ya vijia vyembamba vya chuma, kimoja kikiona kipande cha mbingu chenye upana wa nusu digrii, sawa na mwezi mpevu, na kingine cha digrii tano. Setilaiti ilijizungusha mara moja kwa dakika 12, yaani nusu digrii kwa sekunde, hivi kwamba chanzo kilipoingia mbele ya vijia hesabu ilipanda, ikafika kilele, ikashuka, yote kwa muda wa sekunde mbili hivi. Kwa kukipima kilele hicho na kukilinganisha na nyota zilizosomwa na vitambuzi vya mwanga, mahali pa chanzo chenye nguvu palijulikana kwa usahihi wa karibu dakika moja ya digrii.

Nami nashikilia kwamba ikweta yenyewe ilikuwa sehemu ya mtambo. Juu ya Atlantiki ya Kusini chembe zenye umeme hushuka karibu na dunia, nazo huvihadaa vihesabio. Chombo kilichorushwa kutoka Florida kingelazimika kulipita eneo hilo mara kwa mara, ilhali Uhuru, ambayo njia yake iliinama digrii tatu tu kutoka ikweta, iliepukana nalo kwa sehemu kubwa.

Orodha ya mwisho ya Uhuru, ya mwaka 1978, ina vyanzo 339, miongoni mwao Kaa, mabaki mengine yaitwayo Cassiopeia A, na mabaki ya nyota aliyoiona mwanafalaki Tycho Brahe mwaka 1572. Novemba 1972, kutoka jukwaa lilo hilo, ikarushwa setilaiti nyingine, SAS-2, iliyonasa miale ya gama kutoka nyota zipigazo mapigo ndani ya mabaki ya Kaa na Vela.

Nawasihi walimu wa fizikia wa Rangwe na wa Nyanza nzima, wafundishapo eksirei kwa mfano wa hospitali, waongeze na huu wa Ngomeni, maana hesabu zake zafanyika kwa chaki na ubao.